Kiberiti cha Zaituni

Vijana mliobaki pale maabara mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla hamjaja. Nimeandika, kwa penseli, kwenye daftari la mistari mipana, maana mstari mwembamba unanikimbia. Karani wa chuo alitaka nimsimulie apige mashine. Nikamwambia hapana, wewe utaninyoosha. Mimi nilisoma darasa la pili tu, shule ya vichakani kule kwetu Ihanja, na hilo la pili sikulimaliza, waliolimaliza ni ng'ombe wa baba. Kwa hiyo mkinikuta nimepotea katikati ya habari, ngojeni kidogo. Huwa narudi.

Habari za vyeo sina, na mshahara mnaujua, ni huu huu wenu. Ninachotaka kuwaeleza ni kwa nini kila mwaka somo la Afya lilifunguliwa na mimi, mtu asiyesoma, nikiwa nimesimama mbele ya walimu watarajiwa na kiberiti kitupu mkononi. Wengine mlidhani ni kichekesho cha mzee. Kilianza kwa kosa, kosa lenyewe ni langu, na nusura limfukuzishe chuo binti ambaye hakuwa na hatia hata chembe.

Nilifika chuoni Uhuru ukiwa mchanga, bendera haijapauka bado. Niliajiriwa kuchota maji. Chuo mnakijua, kiko juu mlimani na kisima kiko chini, na aliyepachagua pale nadhani hakuwahi kubeba ndoo. Nilikuwa nachota kwa mzega, ndoo mbele ndoo nyuma, jikoni, bwenini, halafu mwisho maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, meza, kabati lenye kufuli, na Mzee Kitundu.

Mzee Kitundu alikuwa msaidizi wa maabara, ametoka kufanya kazi hospitali za wamisheni miaka mingi. Mtu mfupi, mkali, suruali fupi ya kaki iliyopigwa pasi hata siku ya Jumapili. Alikuwa na hadubini moja, ambayo sisi wengine tuliiita darubini tu, ya shaba, ina kioo cha duara chini yake cha kudaka mwanga wa jua. Umeme hakukuwa. Jua likihama, unaona giza. Basi siku moja nimeleta maji nikamkuta ametoka nje, na ile hadubini imeachwa wazi. Jua limehama. Mimi porini nilichunga na kipande cha kioo mfukoni, tulikuwa tunamulikiana na wenzangu ng'ambo ya bonde kupeana habari za maji. Mkono ukaniwasha. Nikageuza kile kioo kidogo, kidogo tena, mpaka mwanga ukapanda juu kwenye bomba.

Akarudi, akainama kuchungulia.

"Nani amegusa kioo?"

"Nimekigeuza kidogo, mzee. Jua lilikuwa limehama."

"Nani alikufundisha?"

"Ng'ombe."

Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa. "Unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Jina langu naliandika. La mtu mwingine nalisoma akiwa ameliandika polepole."

"Kesho njoo bila ndoo," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa maabara.

Sasa niwaeleze somo lenyewe, maana siku hizi mnalikuta liko kwenye ratiba mnadhani liliota kama mlenda. Mwalimu wa Afya alikuwa Mwalimu Gunda, mrefu, mpole, anakohoa kabla ya kusema jambo zito. Aling'ang'ana kwamba kila mwanachuo asome Afya, awe wa hesabu, awe wa historia, awe wa kuimba. Wanachuo walinung'unika. Walikuwa wasomi, wachache, mtu ana soksi mbili nzima. Wakasema, "Mwalimu, tumekuja kusomea ualimu, hatukuja kusomea vyoo." Mwalimu Gunda akakohoa. "Mnakokwenda," akasema, "zahanati iko mwendo wa siku nzima. Mtoto akianguka darasani hataitwa daktari. Utaitwa wewe, na chaki yako mkononi." Hawakufurahi.

Walichimba vyoo wenyewe, kimo cha mtu aliyesimama na mkono juu. Walijifunza kumwaga bamba la saruji, kuchemsha maji, kufunga kidonda, kutengeneza kichanja cha vyombo. Na muhula wa pili ulikuwa muhula wa viberiti. Kila mwanachuo alipewa kiberiti kitupu, aandike jina lake juu, arudi nacho asubuhi na choo chake ndani, kidogo, kama punje mbili za maharage. Mzee Kitundu akikologa kwenye maji ya chumvi kali, mayai ya minyoo yanaelea juu, anayadaka kwa kioo chembamba. Kila mwanachuo anachungulia cha kwake. Mwalimu Gunda alisema mtu akishaona kilichomo tumboni mwake, hutamhubiria tena habari ya choo. Na ni kweli. Nimeona wanaume wazima wameinua uso kutoka kwenye ile hadubini wakaenda moja kwa moja kunawa mikono.

Viberiti tulikuwa tunavikusanya. Kuna mama mmoja Mhindi mwenye duka pale Singida mjini, mwema sana, aliniwekea kopo kubwa chini ya kaunta anatunza vitupu vyote. Mwaka mzima hakuuliza. Siku alipouliza nikamweleza kweli. Tangu siku hiyo kopo likakaa nje ya mlango, ila viberiti hakuacha kutunza.

Nimepotea. Narudi.

Mtihani wa kwanza niliouona pale ulikuwa wa mbuzi. Kulikuwa na mwanachuo mmoja, kitana kichwani, Kiingereza kingi, alileta kiberiti chake mapema kuliko wote. Mzee Kitundu akakifungua, akatazama, wala hakukologa. Akamwita mbele ya darasa. "Kijana," akasema, "afya yako ni njema. Ila punguza kula majani ya mgunga." Darasa likapasuka. Kumbe amezoa mavi ya mbuzi njiani! Wakamwita Mbuzi mpaka akamaliza chuo. Sasa ni mtu mkubwa katika elimu, simtaji, ila akisoma hapa atajijua.

Mimi nilicheka kuliko wote. Mzee Kitundu aliponiona nacheka akanituma kumwita yule kijana tena, peke yake. Akamuuliza kwa upole, "Kwa nini?" Kijana akasema bibi yake alimwonya tangu utoto: uchafu wako usiuache mikononi mwa mtu, atakuroga nao. Nikangoja Mzee Kitundu amfokee. Hakumfokea. Akamchukua nyuma ya maabara, kwenye shimo la kuchomea, akamwambia, "Lete cha kweli, tutakitazama, halafu utakichoma mwenyewe, majivu utayaona kwa macho yako." Tangu siku hiyo kila mwanachuo akachoma kiberiti chake kwa mkono wake. Nyinyi mnaendelea kufanya hivyo, mnadhani ni usafi. Ni bibi wa Mbuzi.

Nilikaa na Mzee Kitundu miaka kadhaa. Alinifundisha kwa kuniuliza. Mayai ya mnyoo mviringo yana ganda la mawimbi, unayajua kama ufuta. Ya tegu yana mistari. Ya safura ndiyo ya hatari, ni membamba, kama kioo chenye maji, ndani kuna vipande vinne vimekaa pamoja kama mafiga na chungu chake, usipokuwa na subira unayapita. Safura hunyonya damu ndani, kimya kimya, mtu anazidi kupauka, watu wanasema ni mvivu. Mnyoo wenyewe huingilia kwenye nyayo, kwa wanaotembea peku kwenye matope, hasa huko mbugani kwenye mpunga.

Alipoondoka kazini aliniachia funguo, daftari la majibu na maneno manne: "Andika ulichokiona. Basi, umeelewa?" Kama zawadi ya kuagana alinipima, akanikuta nina tegu, akaninywesha dawa, dawa ya zamani inayonuka, nikalala siku moja nimekufa nusu. "Mtu wa maabara," akasema, "asitafute kwa wengine kilichomo mwake." Kwa hiyo nilibaki pale peke yangu, tumbo safi kama sahani ya padri. Hilo tumbo safi ndilo lililotuponza. Likumbukeni.

Azimio lilikuwa limeshapita, chuo kizima kinalima. Alizeti, mtama, vitunguu, wanachuo na majembe alfajiri, Kujitegemea. Mwaka huo walikuja wasichana wengi kidogo, na mmoja wao alikuwa Zaituni, binti wa Shelui, baba yake analima mpunga mbugani na kuuza chai kwa madereva wa malori. Mwembamba, mwenye adabu, mwandiko wake ukiuona unatamani kusoma. Siku ya kufika nilimbebea sanduku kutoka kwenye lori mpaka bwenini. Tangu hapo akaniita baba, na shikamoo yake ilikuwa na goti.

Muhula wa pili, wiki ya viberiti, wenzake wote wameleta. Yeye akaja saa ya chakula, maabara ikiwa tupu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kiberiti kiko wapi?"

"Ninacho."

"Basi lete."

"Hakina kitu." Akatazama nyayo zake. "Baba, siwezi."

"Wenzako wameweza."

"Wenzangu wanakuita bwana maabara. Mimi nimekuita baba. Nyumbani hata nguo yangu ya ndani sianiki mahali baba atapita. Sasa hicho nikukabidhi wewe mkononi?"

"Mpe mwenzako akuletee."

"Watanitangaza mpaka Shelui."

"Zaituni, bila kiberiti Mwalimu Gunda hakupi alama za Afya. Na bila Afya hakuna cheti."

"Najua, baba. Ndiyo maana nalia."

Na kweli alikuwa analia, ila kwa heshima, bila sauti. Sasa nyinyi mngefanyaje? Msinijibu. Mimi nikasema, "Kiache hapo mezani. Nenda kale." Kiberiti kikajaa. Kilichokijaza hamhitaji kuchorewa. Nikakologa, nikachungulia, na kwa sababu ya dawa ya Mzee Kitundu hakukuwa na kitu. Nikaandika daftarini: Zaituni, safi. Nilichoandika nilikiona kwa macho yangu. Ila tumbo nililoliona halikuwa lake.

Alipokuja na darasa kuchungulia, nilimwekea kile kile, akachungulia, tukatazamana, akaenda kukichoma. Nikajiona nimetenda wema.

Miezi miwili ikapita. Nikaanza kumwona Zaituni anapanda mlima na ndoo, anasimama mara tatu. Kisha mara tano. Wenzake wakamwita Bibi. Midomo ikapauka, viganja vikawa vyeupe kama unga wa mtama. Siku moja kwenye alizeti akaanguka, jembe huku na yeye huku. Na mimi, msomaji wa mayai, mwanafunzi wa Mzee Kitundu, nilikuwa naona yote hayo na sikuwa naona. Nadhani nilikuwa nimeshaliamini daftari langu.

Matroni wa wasichana, Mama Eliza, mama wa haki lakini haki yake ina haraka, akapekua sanduku la Zaituni. Akakuta madonge ya udongo wa kichuguu yamefungwa kwenye kitambaa, mengine yameng'atwa.

"Anakula udongo!" akasema ofisini, nilikuwa nje nasugua madirisha. "Anaishiwa pumzi, anaanguka, anakula udongo. Mimi nimezaa sita, hakuna wa kunifundisha udongo maana yake nini."

Kanuni mnaijua ilivyokuwa. Msichana akishika mimba, sanduku lake, lori, kwaheri. Zaituni aliulizwa akasema hapana, si kweli. Hakuna msichana aliyewahi kuulizwa akasema ndiyo, kwa hiyo hapana yake haikuhesabiwa. Mwalimu Gunda peke yake ndiye aliyesita. Akaja maabara siku ya Ijumaa, akakohoa.

"Udongo na pumzi," akasema, "hata safura hufanya hivyo. Fungua daftari."

Nikafungua.

"Zaituni, safi," akasoma. "Una hakika?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa umefunguliwa, nilitakiwa kuingia tu. Nikawaza: darasa la pili, watoto sita, nani ataniajiri? Nitarudi kwenye mzega? Nikasema, "Nilichoandika nilikiona, mwalimu."

"Basi," akasema. Akatoka. Mabega yake yalishuka, naye alikuwa mtu mrefu.

Nilikwenda nyumbani mchana ule, mke wangu akaniwekea ugali na mlenda, sikugusa. Nikamweleza yote, maana mke wangu huwa anajua tu, ni afadhali umwambie upate sifa ya kusema. Akanisikiliza huku anapepeta.

"Ungekuwa umeiba kuku," akasema, "ungefanyaje?"

"Ningemrudisha."

"Basi kwa nini binti wa watu hutaki kumrudisha?"

Nikasema, "Nitafukuzwa."

"Tutalima," akasema, akaendelea kupepeta. Sijawahi kusikia hotuba fupi kuliko ile.

Jumamosi asubuhi lori la vitunguu likaja, likaegesha chini ya ofisi, linateremka Shelui. Zaituni alikuwa ameketi juu ya lile lile sanduku nililombebea, amejifunika kanga mpaka kwenye nyusi. Nikamwendea.

"Mwanangu, kwa nini hukusema kiberiti hakikuwa chako?"

"Ningesema ungefukuzwa, baba."

"Na wewe je?"

"Mimi nina kwetu. Wewe una watoto sita."

"Baba yako atakupokea?"

Akafikiri. "Chai ataninywesha," akasema. "Zaidi ya hapo sijui."

Nikamwacha hapo hapo nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Walikuwepo wote watatu: Mkuu wa Chuo, Mwalimu Gunda na matroni, Mkuu anatia sahihi barua. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Mkuu, kosa la Zaituni ni langu!"

Mama Eliza akainama akavua kiatu.

"Mzee mzima!" akasema. "Na mke wako tunasali naye!"

"Siyo hivyo, mama! Kiberiti! Kiberiti ndicho changu!" Nikaruka nyuma ya kiti cha Mkuu. Nikaeleza kwa haraka, nusu Kiswahili nusu Kinyaturu: aibu ya binti, kiberiti kitupu, tumbo langu, dawa ya Mzee Kitundu. Kiatu kikabaki hewani muda mrefu. Mwalimu Gunda hakukohoa. Alisema tu, "Kwa hiyo hajapimwa."

"Hajapimwa, mwalimu."

"Na jana nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akanitazama. Kiatu kingeniuma kidogo kuliko macho yale.

Nje dereva akapiga honi. "Jamani, mna abiria au mna mkutano? Vitunguu vinaoza!"

Mama Eliza, nimesema haki yake ina haraka, sasa ikakimbilia upande wa pili. Akavaa kiatu, akachukua kiberiti kwenye meza ya Mkuu, akamwaga njiti zote juu ya ile barua, akatoka, akamshika Zaituni mkono akaenda naye vyooni. Akarudi amekibeba mwenyewe, chini ya kanga, kichwa juu, kama mtu aliyebeba sadaka. Nikakologa. Mwalimu Gunda akaniambia, "Geuza kioo, halafu kaa mbali." Nikageuza kioo, jua lilikuwa zuri asubuhi ile, nikakaa mbali.

Akachungulia. Akachungulia tena. Akasema, "Mkuu, njoo utazame." Mkuu akatazama, akasema haoni kitu ila viputo. "Hivyo viputo," akasema Mwalimu Gunda, "hesabu vipande vilivyomo ndani." Mkuu akahesabu kwa sauti, "Kimoja, viwili, vitatu, vinne. Na hiki kingine vinne. Na hiki... Jamani, wako wangapi humu?"

Safura. Uwanja mzima wa hadubini umejaa safura, ya mbugani, ya kwenye mpunga wa baba yake.

Mama Eliza akasema, "Minyoo haizuii mimba." Na ni kweli, hakuna aliyembishia. Kwa hiyo Mkuu akachana ile barua akaandika nyingine, ya kwa daktari ampime yote mawili, na lile lori badala ya kuteremka Shelui likampeleka Zaituni hospitali kwanza. Mama Eliza alikaa naye mbele. Dereva akalalamika kuhusu vitunguu mpaka alipoambiwa hali ya mgonjwa, na baada ya hapo aliendesha kama amebeba mayai.

Alirudi baada ya wiki mbili na barua ya daktari: damu ilikuwa imebaki kidogo sana, mimba hakuna wala haikuwapo, safura imetibiwa, vidonge vya damu aendelee navyo. Barua ile Mama Eliza aliisoma mbele ya wasichana wote bwenini, akaomba radhi. Mmeona wakubwa wangapi wakiomba radhi mbele ya wadogo? Mimi nimemwona huyo mmoja. Kisha akawanunulia wote waliokuwa peku katambuga, zile za matairi, na ole wake atakayeonekana bila.

Mimi nilitolewa maabara muhula mzima. Mzega ukanikumbuka mabegani kama hatujawahi kuachana. Nilikubali, ilikuwa halali yangu. Mkuu alisema angenifukuza kabisa ila Mwalimu Gunda aliomba nibaki, na ombi lake lilikuwa na sharti. Sharti lenyewe akanieleza kisimani, alishuka mwenyewe mpaka chini, amevaa viatu vyake vya darasani.

"Utasimama mbele ya darasa," akasema, "uwaeleze ulichofanya."

"Mwalimu, si bora unichape?"

"Nimefundisha safura kwa miaka, wananakili wanasahau. Hii hawataisahau."

Nikasimama. Sikujua hotuba, nikaanza na shikamoo, kwa watoto! Wakacheka, ikasaidia. Nikawaeleza yote. Zaituni alikuwa ameketi mstari wa mbele, alikubali mwenyewe jina lake litajwe. Nilipomaliza Mwalimu Gunda akauliza, "Nani mwingine ambaye kiberiti hakikuwa chake?" Mkono mmoja ukainuka nyuma. Halafu wa pili. Halafu ikawa kama mtama unavyoinuka baada ya mvua, nikaacha kuhesabu. Mmoja alikuwa amekopa kwa mpishi! Mpishi, kumbe, alilisha nusu ya bweni la wanaume kwa namna mbili.

Ndipo tukabadilisha mambo. Kidirisha kile kidogo cha ukutani, mnachoweka vifaa vyenu, kilitobolewa wakati ule: kiberiti kinapita, uso haupiti. Juu namba badala ya jina. Vya wasichana vinapokelewa na matroni. Tukapima upya wote, na ile mara ya pili daftari lilijaa ukweli mpaka likatisha. Dawa iliagizwa kwa sanduku. Na kila mwaka uliofuata nilifungua somo kwa kiberiti, kwa sababu Mwalimu Gunda hakuliondoa lile sharti, na baadaye alipohama aliyemfuata akadhani limeandikwa kwenye mtaala.

Nimekuwa na kazi njema. Nimeona walimu wengi wakishuka mlima ule kwenda vijijini, na wengine walirudi kunisalimu wakaniambia wamechimba choo cha kwanza shuleni, wengine wamegombana na kijiji kizima juu ya kuchemsha maji. Baadhi hawakuchimba chochote. Na hao pia tuliwafundisha, sitawaficha.

Sasa la mwisho, nalo lilitokea wiki yangu ya mwisho kazini, nyinyi wawili mlikuwa mmekwenda mjini kufuata vioo. Nilikuwa maabara peke yangu, nafuta vumbi kwenye ile hadubini ya shaba ambayo hamtaki kuitumia. Lori likasimama. Akashuka mama mmoja wa makamo, mnene kiasi, katambuga miguuni, na nyuma yake utingo amebeba kapu. Hakwenda kwenye kidirisha. Akaja mlangoni, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, Zaituni."

Ni mwalimu mkuu huko mbugani sasa, shule ya watoto wanaotembea kwenye mpunga. Alisikia naondoka. Kapu lilikuwa limejaa viberiti, vya shule nzima, walimu na wanafunzi, na kila kimoja kina jina. Nikamwambia namba zingetosha. Akasema watoto wake wamezoea majina, hawana cha kuficha.

"Cha juu kabisa ni changu," akasema.

Akakichukua yeye mwenyewe kutoka kapuni. Jina limeandikwa kwa ule mwandiko wake. Utingo anatazama, dereva anatazama. Akanyoosha mkono akanipa mkononi.

Nikakipokea kwa mikono miwili. Nikakologa, nikasogeza meza dirishani, nikageuza kioo kidogo, kidogo tena, maana jua lilikuwa limeshahama. Nikachungulia kwa subira. Nendeni mkatazame daftari, mstari wangu wa mwisho, kabla ya mwandiko wenu kuanza. Niliandika nilichokiona: Zaituni, safi.